Msaada rika kwenye mpango wa afya ya akili wa kaunti: tudai malipo, au tubaki kivyetu?

Fundi wa Mabuibui (Pwani, Kenya) ameuliza:

Assalam alaykum, na habari za jioni nyote.

Mimi ni fundi cherehani katika mji mdogo wa Pwani. Nashona mabuibui, na ikifika Januari nashona sare za shule. Nina miaka 43. Nimelazwa wodi ya wagonjwa wa akili mara tatu: 2009, 2013 na 2018. Wako waliosema nina majini, nikanyweshwa kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa. Wako waliosema ni machungu ya kuachwa na mume. Daktari akasema ni bipola, ile hali ya moyo kupanda ukajiona malkia wa dunia, kisha ukashuka ukashindwa hata kuoga. Dawa nameza hadi leo, na cherehani inazunguka.

Tangu 2019 niko katika kikundi cha watu waliopitia haya. Tuko kumi na saba. Tunakutana kila Jumamosi baada ya alasiri kwenye kibaraza cha mwenzetu mmoja: mkeka, chupa mbili za chai, mahamri. Daktari hayupo pale. Kwenye makaratasi ya serikali kazi yetu inaitwa msaada rika. Mwanzoni neno hili lilinikera, maana nilidhani rika ni watoto wa umri mmoja, na kwetu mkubwa ana miaka 68, mdogo 21. Ni huyo mzee wetu aliyenifungua macho. Akasema kwao rika ni wale waliotiwa jandoni msimu mmoja, wakalia pamoja na kuuguzwa pamoja. Tangu siku ile nalipenda.

Sasa swali. Kaunti yetu inaandaa mpango wa afya ya akili na imeita wananchi watoe maoni. Nimeisoma rasimu yote, kurasa thelathini na kitu. Vikundi kama chetu vimetajwa mara moja tu: "kushirikisha vikundi vya kusaidiana." Nikafungua jedwali la bajeti mwishoni. Wauguzi wana tarakimu yao, gari lina tarakimu yake, semina za wakuu zina tarakimu. Mstari wetu una kistari.

Niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu naona hata walioandika rasimu hawaijui.

Mwaka jana dada mmoja alitoka wodini siku ya Alhamisi, na bahasha ya dawa, leso moja, na kadi ya kurudi kliniki baada ya wiki nne. Wiki nne! Kwao walimpokea vizuri. Usiku wa tatu akaanza kutembea. Anakaa, anainuka, anazunguka ua, anasema miguuni mna wadudu. Nyumbani wakasema ndiyo hayo yamerudi, na kaka yake akaenda kutafuta kamba. Jirani akanipigia simu. Nilipofika nilimtazama miguu tu nikajua. Nami nilitembea hivyo 2013, baada ya kuchomwa ile sindano ya mwezi, na nikaitwa mwehu mara ya pili kwa jambo lililoletwa na dawa. Nikamshika mkono tukauzunguka ua pamoja kama saa nzima. Nikamwambia: hii si akili yako, hii ni sindano, hospitali wanaijua na ina dawa yake.

Asubuhi nikampeleka kliniki. Njiani nikamfundisha maneno ya kusema, kwa sababu ukisema "sijisikii vizuri" utaambiwa uendelee na dawa. Sema hivi: "Tangu nichomwe sindano miguu haitulii, siwezi kukaa hata dakika tano." Muuguzi aliposikia akaelewa pale pale. Daktari akamwandikia dawa ya kutuliza ile hali, na sindano iliyofuata ikapunguzwa. Siku ya nne yule dada alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

Nauli ya siku hiyo ilitoka mfukoni mwangu, shilingi mia sita watu wawili kwenda na kurudi. Buibui la mteja likachelewa, akakataa kunilipa sehemu ya pesa. Sijuti, lakini nimefanya hivyo mara ngapi? Na nikishindwa siku nyingine, nani atamtazama mtu miguu?

Kikundi kimegawanyika. Vijana wanataka tuajiriwe. Wanasema wahamasishaji wa afya ya jamii, wale zaidi ya laki moja waliozinduliwa Septemba 2023, wanapata posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, sasa sisi tuna kasoro gani? Mzee wetu na wenzake wawili wanakataa kabisa. Wanasema ukila cha kaunti utakuwa mtu wa kaunti, na siku mwenzako akitaka kulalamika kwamba alifungwa kitandani, utamsikiliza kwa sikio lipi?

Mimi niko katikati na usingizi sipati vizuri. Sheria naona iko upande wetu. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyotiwa saini Juni 2022 yamezipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi na kutenga pesa za kuziendesha. Kabla yake, 2020, jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la taifa. Tena Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021 kuhusu huduma za afya ya akili katika jamii, liliweka kikundi cha Nairobi Mind Empowerment, cha waliopitia haya chini ya USP-Kenya, shirika la Wakenya waliowahi kutibiwa maradhi ya akili, kama mfano wa kuigwa duniani. Kundi la Wakenya limekuwa mfano kwa dunia, na kwetu kuna kistari.

Maoni yanapokewa hadi mwisho wa mwezi. Nyinyi mlio ndani ya hospitali, mlio nchi nyingine, mlio na wagonjwa nyumbani: tudai nini hasa?

Muuguzi wa Zamu (Dar es Salaam) amejibu:

Dada, pole kwa uliyopitia na hongera kwa kibaraza. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, huu ni mwaka wa kumi na tisa kazini. Hiyo habari ya miguu imenichoma, kwa sababu nakumbuka wagonjwa niliowaandikia "anahangaika" kwenye faili bila kuwauliza ilianza lini.

Huku Dar tulipata bahati ya kuiona kazi yenu kwa karibu. Kuanzia 2018 kulikuwa na mradi wa utafiti ulioitwa UPSIDES, uliojaribu msaada rika kwa watu wenye magonjwa makali ya akili katika miji sita: Ulm na Hamburg kule Ujerumani, Be'er Sheva Israeli, Pune India, Kampala, na Dar es Salaam. Walishiriki zaidi ya watu 600. Matokeo nayasema kama yalivyo, maana mkienda mbele ya kaunti mtaulizwa. Ukiwachukua wote waliopangiwa msaidizi, tofauti kubwa haikuonekana. Ila wale waliokutana naye angalau mara tatu walipiga hatua, katika matumaini na katika kujiona nao ni watu kati ya watu. Mimi nimejifunza hapo kwamba kumpangia mtu jina la msaidizi kwenye daftari hakumfai kitu. Inatakiwa waonane, tena na tena. Na kuonana kunahitaji nauli. Kwa hiyo ile mia sita yako si jambo dogo la pembeni, ndiyo sera yenyewe.

Sasa nikwambie makosa yetu, ili msiyarudie. Nilipofanya kazi kabla ya hapa nilipo sasa, tuliletewa wasaidizi wawili waliowahi kulazwa. Wiki ya kwanza walikaa na wagonjwa wakizungumza. Wiki ya pili nesi mmoja akaomba mmoja wao apeleke faili maabara. Wiki ya nne walikuwa wanabeba faili, wanagawa uji, wanamshika mgonjwa achomwe sindano. Hatukuwa na nia mbaya, tulikuwa watu wachache na kazi nyingi. Lakini siku mgonjwa alipomwona msaidizi wake amemshika mkono achomwe kwa nguvu, mazungumzo yao yaliisha. Hakumsemesha tena mpaka anatoka. Nami nilikuwepo, na sindano ilikuwa mkononi mwangu.

Kwa hiyo dai la kwanza ningeandika ni orodha ya kazi ambazo msaidizi HAFANYI. Hashiki mtu. Hafungi mlango. Habebi faili. Haandiki kwenye faili bila mwenyewe kujua kilichoandikwa. Wasimamizi hawatapenda, lakini bila hiyo mtamezwa.

La pili ni siri. Mwenzako akikwambia alitaka kujiua, unamwambia nani? Huku kwetu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai, na watu wanaficha kwa sababu hiyo. Nyinyi Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chenu cha 226 kinakiuka Katiba. Hiyo ni nafasi kubwa kwenu. Andikeni wazi kwamba msaidizi akisikia jambo hilo anatafuta msaada pamoja na mwenyewe, na kwamba polisi hawahusiki. Na mhusika aambiwe hivyo siku ya kwanza mnapokutana.

Kijana wa Majengo amejibu:

Samahani kwa swali la mtu asiyejua. Wale mabibi wa Zimbabwe wanaokaa kwenye benchi na kusikiliza watu si ndio hawa hawa? Nimesikia wamefika hadi Zanzibar. Kwa nini kaunti isilete benchi tu?

Fundi wa Mabuibui amejibu:

Hakuna samahani, mdogo wangu, hata kikundini liliulizwa. Ile ni kazi nzuri sana na mwanzo wake unanigusa. Daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake aliyejiua, na alipouliza kwa nini hakuja hospitali akaambiwa hakuwa na nauli. Ndipo 2006 akaanza na mabibi 14 pale Mbare, Harare. Matokeo yao yalichapishwa 2016 na yalikuwa mazuri. Hata neno wanalotumia, kufungisisa kwa Kishona, ni lile lile letu la mawazo mengi, na ukimwambia bibi wa hapa "nina mawazo" hahitaji kutafsiriwa.

Lakini bibi wa benchi anachaguliwa kwa sababu ni bibi: ana busara, anaheshimiwa mtaani, amefundishwa kusikiliza. Hahitaji kuwa amewahi kulazwa. Mimi nilitambua miguu ya yule dada kwa sababu ni miguu yangu. Sitaki moja ifute nyingine. Ninaloogopa ni kaunti kuwapa semina ya siku mbili watu wowote wapole, iseme imeweka msaada rika, na sisi tuliopitia tubaki kuwa watu wa kusaidiwa tu.

Mama wa Nakuru amejibu:

Nimesoma yote mara mbili. Naomba na mimi nisikilizwe, maana huku kwa mikutano mama wa mgonjwa huwa anaambiwa akae nje.

Kijana wangu ana miaka 26. Ana skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ilianza akiwa kidato cha nne. Mimi ndiye ninayempa dawa saa mbili usiku kila siku, miaka tisa sasa. Miezi mingi nikienda kliniki ya serikali naandikiwa dawa na naambiwa ninunue nje, haipo. Kuna mwezi niliuza kuku wote. Kwa hiyo nikisikia pesa za wasaidizi, moyo unashtuka: hizo pesa zisije zikatoka kwa dawa. Serikali inaweza kufurahia sana watu wa kuongea na wagonjwa kwa shilingi elfu tano, ikaacha kuajiri daktari na kununua tembe. Kwa karatasi itaonekana huduma ipo.

Jambo la pili, na nalisema bila hasira. Kuna mtu alikuja kwetu, naye alikuwa amewahi kuugua akapona. Kijana akampenda sana. Lakini huyo mtu aliacha dawa zake mwenyewe na akamwambia wangu kwamba hata yeye anaweza kuacha. Wiki tano baadaye nilikuwa natafuta kijana wangu barabara ya Nairobi usiku, nikiuliza madereva wa malori kama wamemwona. Tulimpata Gilgil, bila viatu.

Simlaumu sana, yeye alisema yaliyomfaa. Ndiyo ninauliza: nani anamwangalia huyo msaidizi? Mkisema mmoja wenu amepona hivi, nani anamkumbusha kwamba mtoto wangu si yeye?

Lakini pia nisiwafiche. Tangu wakati huo, hakuna mwingine aliyewahi kumfanya acheke vile. Mimi ni mama, nampenda, lakini sijui kusikia sauti kukoje. Huyo alijua. Kama angerudi akiwa na mtu wa kumwongoza, ningemfungulia mlango.

Mtanga wa Atlanta amejibu:

Shikamoo mama wa Nakuru, pole sana. Swali lako ndilo lililo gumu kuliko yote hapa, nami nitajaribu, kwa sababu hiyo kazi ndiyo mkate wangu.

Nimezaliwa Tanga, niko jimbo la Georgia, Marekani. Niliugua nikiwa chuoni huku, nikalazwa, na leo ni mwaka wa nane nimeajiriwa kama msaidizi rika mwenye cheti. Georgia ndiyo ilikuwa jimbo la kwanza, 1999, kuifanya kazi hii ilipwe na Medicaid, ile bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Mwaka 2007 serikali kuu ikayaandikia majimbo yote kwamba yanaweza kulipia, kwa masharti matatu: msaidizi awe na wa kumsimamia, kazi yake iwe ndani ya mpango wa matibabu ambao mgonjwa mwenyewe ameshiriki kuupanga, na awe amefundishwa na kupewa cheti.

Hilo la usimamizi ndilo jibu la mama. Mimi kila wiki nakaa saa moja na mtu aliyeifanya kazi hii muda mrefu kuliko mimi, naye amewahi kulazwa. Tunaongea juu ya watu wangu, kisha tunaongea juu yangu. Mwaka wa kwanza aliniambia neno ambalo bado linanishika: "Hadithi yako ni taa ya kumulikia njia ya mwenzako, usimwekee machoni." Tumefundishwa kwamba habari ya dawa sina mamlaka nayo, si kuanzisha wala kuacha. Mtu akiniambia anataka kuacha, namsaidia kuandika maswali atakayompelekea daktari. Yule aliyemwambia kijana aache alikuwa peke yake, mama. Hakuna anayepaswa kuifanya kazi hii peke yake, ni nzito mno.

Sasa dada fundi, kuhusu malipo. Daini, tena msione haya. Lakini angalieni mnalipwa kwa kipimo gani. Huku tunahesabiwa kwa robo saa. Kila dakika kumi na tano ni kipande kimoja, na kila kipande lazima niandike nilifanya nini kinachoelekea lengo la matibabu. Wiki iliyopita nilikaa na mzee mmoja kwenye ngazi za nyumba yake dakika arobaini, hatukusema zaidi ya maneno kumi. Alikuwa amemzika mbwa wake asubuhi. Niliporudi ofisini nilikaa mbele ya kompyuta nikishindwa kuandika. Nilitaka kuandika ukweli, kwamba nilikaa. Fomu haina mahali pa kukaa. Kule kuuzunguka ua saa nzima, dada, kwa fomu yetu ungelazimika kukuita mafunzo ya stadi za kujimudu. Ombeni mshahara wa mwezi. Msikubali kulipwa kwa vipande.

Na huyo mzee wenu wa miaka 68 msimwache nyuma. Huku vilivyotufaa zaidi ni vile vikundi vilivyokuwepo kabla ya pesa na vilivyobaki na funguo zao wenyewe. Nikichoka kazini mimi mwenyewe huenda kwenye kikundi ambacho hakuna anayelipwa, na pale nakaa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Fundi wa Mabuibui amejibu:

Asanteni sana. Mama wa Nakuru, jibu lako nimelisoma kwa sauti Jumamosi kibarazani na watu wawili walilia. Mama ya yule dada wa miguu alikuwepo, tukamwomba abaki kwenye mkeka badala ya kukaa jikoni kama desturi. Tulikuwa tumekosea kwa miaka yote hiyo.

Tulikaa mpaka magharibi. Tulichokubaliana kimeingia kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu mzee wetu alisema ukurasa wa pili hausomwi na mtu.

Tumeitenga kazi na kikundi. Kikundi kinabaki kama kilivyosajiliwa kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, daftari lake na ufunguo wake kwa mzee, na hakipokei pesa ya kaunti. Kaunti iajiri wasaidizi wanne kwa kuanzia, waliowahi kulazwa wenyewe, kwa posho ya mwezi isiyopungua ya wahamasishaji wa afya, na nauli iwe pembeni ya posho hiyo. Kazi yao kubwa tumeitaja moja: kumfikia kila anayetoka wodini ndani ya siku tatu, na kuonana naye angalau mara tatu kabla ya tarehe ya kliniki. Hizo mara tatu ni zako, muuguzi. Orodha ya kazi wasizofanya imeingia yote, na "hashiki mtu" imepigiwa mstari. Sentensi ya dawa ameiandika mama ya yule dada kwa mkono wake: pesa za wasaidizi zisitoke kwenye fungu la dawa, na jedwali lionyeshe mafungu mawili.

Kuhusu usimamizi tulibishana sana, kwa sababu hatuna huku mtu wa kumsimamia mwenzake aliyeifanya kazi hii muda mrefu. Tumeomba kaunti ilipie mafunzo kwa wenzetu wa Nairobi walioanza kabla yetu, na muuguzi mmoja wa kliniki akae nasi kila wiki mpaka tupate wa kwetu.

Limebaki jambo moja hatukulimaliza. Kijana wetu wa miaka 21 aliuliza: msaidizi akiugua tena, anafukuzwa? Watu walinyamaza. Mimi nimelazwa mara tatu, sina wa kunihakikishia hakuna ya nne. Kaka wa Atlanta, kwenu inakuwaje?

Mtanga wa Atlanta amejibu:

Niliugua 2021. Wiki sita. Walinipa likizo ya ugonjwa kama wampavyo aliyevunjika mguu, na mwenzangu mmoja akaja kunitembelea wodini, mara tatu kwa wiki. Niliporudi meza yangu ilikuwa palepale na watu wangu wawili walikataa kupewa msaidizi mwingine, walisema watanisubiri. Sehemu nyingine huku hawafanyi hivyo, wanakuondoa kimyakimya mkataba unapoisha. Kwa hiyo liandikeni.

Fundi wa Mabuibui amejibu:

Nimeliandika sasa hivi, chini kabisa, bado kuna nafasi ya mistari miwili: "Msaidizi akiugua atapewa likizo ya ugonjwa, na kazi yake itamngoja." Kesho saa tatu naipeleka ofisini mimi na yule dada. Nakala yetu tutagongesha muhuri.

Muuguzi, kama mna karatasi mnayomsomea mtu siku ya kwanza kuhusu siri zake, nitumie hata kwa picha. Ya kwetu tumeanza kuiandika lakini imejaa maneno makubwa.